Wanaokwenda shule na wanaokwenda skuli

(Hotuba kwa wanachuo wa ualimu, Tanga)

Ndugu Mkuu wa Chuo, wakufunzi wenzangu, wanachuo wa mwaka wa kwanza na wa pili, na nyinyi wazee wa mtaani mliokuja kwa kuwa mlisikia kuna mtu atazungumza: shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie lugha, nikaonywa nisipitishe saa ya chakula. Basi nimechukua neno moja tu. Ni neno ambalo kila mmoja humu ukumbini alilitamka kabla hajajua kuandika jina lake, na miezi michache ijayo mtaanza kulipwa mshahara kwa ajili yake. Neno lenyewe ni shule.

Nilipomtajia mkufunzi mmoja alicheka. Akasema, hilo si la Kijerumani tu, kuna nini cha kuzungumza? Ni kweli, tumelipata kwa Wajerumani. Lakini Mjerumani naye aliazima. Na aliyemwazima aliazima. Leo nataka tupande na mto huu mpaka kwenye chemchemi, kwa sababu kule juu kuna jambo ambalo mwalimu anapaswa kulijua kabla hajashika chaki.

Tuanzie hapa hapa Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua katika mji huu shule ya kwanza ya serikali katika koloni lao la Afrika Mashariki. Bagamoyo na Dar es Salaam zikafuata. Hazikuwa shule za misheni, na wamisheni hawakuzipenda kwa sababu hiyo. Zilifundisha kwa Kiswahili, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi, wakati watu wa pwani hii walikuwa wamekiandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Serikali ilitaka makarani, wakalimani, maakida na walimu wa kuwafundisha makarani wengine. Gazeti la Kiongozi, lililosomwa na wasomi wa kwanza wa koloni lile lote, lilichapwa katika shule ya Tanga mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo hapa mlipokaa ni mahali pazuri pa kulizungumzia neno hili.

Msidhani kabla ya hapo watoto wa Tanga walikuwa hawasomi. Walikuwa wanakwenda chuoni. Na neno chuo, kabla ya kuwa mahali, lilikuwa kitabu. Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728 huitwa pia Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha habari za Herekali, mfalme wa Rumi. Mtoto alipelekwa penye chuo, penye msahafu na mwalimu wake, na pale pakachukua jina la kile kilichosomwa. Mwanachuoni mpaka leo ni mtu aliyezama katika elimu ya dini. Shule ilipokuja haikuliua neno chuo. Ilitokea ajabu ndogo: neno la zamani lilipandishwa cheo. Mtoto wa miaka saba anakwenda shule, na akifaulu sana, ndipo anakwenda chuo, na akifaulu zaidi, chuo kikuu. Nyinyi ni wanachuo. Babu wa babu zenu angelisikia hilo angedhani mnahifadhi juzuu.

Kwa nini shule ilishika upesi? Naamini sauti ilisaidia. Mjerumani anasema Schule, na masikioni mwetu hiyo ni sh, u, l, e, basi. Hakuna konsonanti mbili zilizogongana, na mwishoni kuna irabu kama tunavyopenda. Hatukuwa na la kurekebisha. Mwingereza yeye anaanza na s na k kwa mpigo, halafu anamalizia na l iliyo uchi. Neno lake lilihitaji fundi. Wazanzibari, ambao kuanzia mwaka 1890 walikuwa chini ya himaya ya Waingereza na hawakupata kutawaliwa na Wajerumani, ndio waliolifanyia ufundi likawa skuli. Na si neno la barazani tu: ukifika Unguja utakuta Skuli ya Lumumba na Skuli ya Haile Selassie, limeandikwa ukutani na katika barua za serikali. Ndani ya nchi moja yenye bendera moja, ukivuka maji unabadili himaya bila kujijua kila unapomuuliza mtoto anasoma wapi.

Kenya nayo ilikuwa ya Mwingereza, ila huko wanasema shule. Kwa kiasi kikubwa hiyo ni kazi ya Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa kuanzia mwaka 1930 na kamati ya lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mjerumani alikuwa ameshaondoka zaidi ya miaka kumi nyuma, hela zake hazitumiki tena dukani, lakini maneno yake mawili, hela na shule, yalibaki. Tuwe wakweli, hayo ndiyo mawili anayohangaika nayo kila mzazi mwezi wa kwanza.

Majirani walifanya mambo yao. Mnyarwanda anasema ishuri, Mrundi ishure, nao pia walikuwa ndani ya koloni lile lile la Kijerumani. Waganda wamelichukua tendo la kusoma wakapata essomero. Waswahili wa mashariki mwa Kongo, Bukavu na Lubumbashi, wanasema mtoto ameenda ku masomo, na mtu wa huku akisikia anafikiri anaelezwa ratiba. Ila wanaonifurahisha zaidi ni ndugu zetu wa kusini. Wao walipolipokea neno hili kwa Wazungu waliona s yake mwanzoni wakasema, aa, hiki ni kiambishi cha ngeli. Mzulu akasema isikole, wingi izikole. Msotho akasema sekolo, wingi dikolo. Mshona chikoro, wingi zvikoro. Tusicheke, maana sisi tulimfanyia Mwarabu hivyo hivyo. Kitabu chake tulikiona kina ki, tukakitia katika ngeli ya ki-vi, na leo tunasema vitabu bila haya.

Sasa tupande mto. Huyo Mjerumani aliyefika Tanga alitoka katika utamaduni wa shule wa namna gani? Mwaka 1763 mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alitoa amri kwamba watoto wa vijijini waende shule, kuanzia umri wa miaka mitano hivi hadi kumi na tatu au kumi na nne. Ilikuwa mojawapo ya amri za mwanzo barani Ulaya kuifanya shule kuwa lazima kwa nchi nzima. Amri ni jambo moja, kijiji ni jambo jingine. Wakulima walikuwa na swali ambalo mtalisikia nyinyi pia mkipangiwa vijijini: mtoto akienda kusoma, mifugo inachungwa na nani? Ikabidi shule ziwe na nguvu majira ya baridi, shamba likiwa limelala, na zilegee wakati wa kiangazi. Shikeni swali hilo la mifugo, tutalirudia.

Kabla ya wafalme palikuwa na watawa. Mwaka 789 Charlemagne, aliyetawala sehemu kubwa ya Ulaya ya magharibi, aliagiza monasteri na makanisa makuu yawe na shule za kuwafundisha wavulana kusoma. Lugha ya kusomea ilikuwa Kilatini, na kwa Kilatini mahali hapo paliitwa schola. Popote alipofika padri na kitabu, neno lilifika naye. Ndiyo maana leo ukizunguka Ulaya utalikuta kila mlango, limevaa nguo za nyumba hiyo. Mwitaliano scuola. Mhispania escuela, Mreno escola, Mfaransa école. Mholanzi school, Mdenmaki skole, Mswidi skola, Mwaislandi skóli. Mwairishi scoil. Mrusi shkola, Mpoland szkoła, Mcheki škola. Mromania școală, Mwalbania shkollë. Wabaski wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, ambao lugha yao haina undugu na lugha yoyote inayojulikana, nao pia wanasema eskola. Wareno walilipakia merini, na leo Mwindonesia akienda shule anakwenda sekolah.

Ninyi mnaofundishwa fonolojia hapa, angalieni jambo moja. Kuigomea s inayofuatwa na konsonanti si tabia ya Mbantu peke yake. Wasemaji wa Kilatini cha mitaani, Roma yenyewe ilipokuwa inazeeka, walianza kuliwekea irabu mbele ili ulimi upate pa kukanyaga. Ndiyo hiyo e ya Mhispania na Mreno. Mfaransa aliitia e, halafu baadaye akaiangusha s kabisa, ndiyo maana neno lake halifanani tena na ndugu zake. Mhungaria akaweka i, iskola. Mfini hakutaka hata kujadiliana: alikata s akabaki na koulu. Kwa hiyo mwanafunzi wako wa darasa la tatu akisema sikuli au isikuli, usimwambie ana ulimi mzito. Ana ulimi wa Roma ya uzeeni.

Na Mwelsh ana kisa chake. Neno schola lilipofika kwao likawa ysgol. Lakini Kilatini kilikuwa na neno jingine, scala, maana yake ngazi, nalo lilipofika kwao likawa ysgol vile vile. Hivyo huko Wales shule na ngazi ni neno moja, na wingi wake ni mmoja. Ni sadfa ya sauti tu, msiende kuiandika kwenye bango la mahafali.

Si wote walioingia katika mkumbo. Mlithuania ana mokykla, kutokana na neno lake mwenyewe la kufundisha. Waturuki walikuwa na mektep kutoka Kiarabu, na katika mageuzi ya lugha ya miaka ya 1930 wakaunda okul, wakisema inatokana na oku, kusoma. Inatokana kweli, ila kufanana kwake na école ya Mfaransa si jambo la kupita bila kutabasamu. Wayahudi waliosema Kiyidi walilichukua neno la Kijerumani wakaliweka kwenye sinagogi, shul, kwa kuwa kwao nyumba ya kusali na nyumba ya kusoma haziko mbalimbali. Mtoto wa pwani aliyesoma chuoni pembeni mwa msikiti anaelewa hilo bila kuelezwa.

Tufike Roma. Hapa nawaomba mtulie, maana hapa ndipo panapokolea.

Warumi walikuwa na neno lao wenyewe la shule ya watoto wadogo: ludus. Na ludus maana yake ni mchezo. Lilikuwa pia jina la kambi ya kuwafundishia wapiganaji wa upanga waliokuwa wakiuana mbele ya watazamaji. Mchezo, darasa la kusoma, na mazoezi ya kuua, vyote chini ya jina moja. Na kwa maelezo ya Warumi wenyewe, mchezo haukuonekana sana darasani. Mshairi Horace alimkumbuka mwalimu wake Orbilius kwa jina la utani la mpenda viboko, na kwa sababu ya neno hilo moja Orbilius anajulikana kwa viboko miaka elfu mbili baadaye. Mshairi mwingine, Martial, aliishi jirani na mwalimu, akamtungia shairi la kumlaani: jogoo hajawika, nawe umeshaanza kunguruma na kuchapa! Katika shairi jingine anamsihi mwalimu awaachie watoto wakati wa joto kali la mwezi wa saba, fimbo zilale mpaka mwezi wa kumi. Anasema, wakati wa kiangazi watoto wakiwa na afya tu, wamejifunza vya kutosha. Natamani shairi hilo libandikwe kwenye ofisi za wakuu wa shule wanaopanga makambi ya likizo.

Kulikuwa na wenye maoni mengine. Quintilian, mwalimu wa ufasaha aliyelipwa mshahara na hazina ya dola tangu enzi za mfalme Vespasian, aliandika waziwazi kwamba kumchapa mtoto ni kumdhalilisha, na kwamba mwalimu akiwa makini viboko havihitajiki. Aliandika hayo katika karne ya kwanza. Waraka wa serikali unaodhibiti viboko shuleni mtasomeshwa hapa chuoni, na baadhi yenu mtaujadili kana kwamba ni fikra ngeni iliyoletwa juzi na wafadhili.

Schola ilikuwa neno la heshima zaidi kuliko ludus. Cicero, msemaji na mwandishi mkubwa wa Roma, analitumia akieleza wazi kwamba ni la Kigiriki: mazungumzo yake ya kifalsafa ya siku tano anayaita schola za siku tano, kama wasemavyo Wagiriki. Yaani mhadhara, mjadala wa watu wazima waliokaa wakafikiri. Baadaye likatanuka, likawa kundi la watu wa kazi moja, hata vikosi vya walinzi wa mfalme viliitwa schola, na Venice vyama vya kidini vya kusaidiana viliitwa scuola mpaka vikajenga majumba makubwa yenye michoro ya mchoraji Tintoretto. Hayo nayapita.

Sitampita Seneca, mwanafalsafa wa Roma. Katika moja ya barua alizomwandikia rafiki yake Lucilius, miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 65, baada ya kuchambua hoja ya kifalsafa iliyopindapinda, anajichoka mwenyewe anasema: tunajifunza kwa ajili ya shule, si kwa ajili ya maisha. Ni lalamiko. Watu wa baadaye waliligeuza, likawa kauli mbiu nzuri: hatujifunzi kwa ajili ya shule bali kwa ajili ya maisha. Wakaichonga juu ya milango ya shule, hasa katika nchi za Wajerumani. Fikirini: mtu analalamika kwamba jengo linavuja, nawe unalichukua lalamiko lake, unaligeuza kuwa sifa, unalitundika kwenye jengo lile lile.

Tunafika Ugiriki, kwenye chemchemi. Kwa Kigiriki neno ni skholē. Na maana yake si jengo, si darasa, si mwalimu. Ni nafasi.

Nasema nafasi kwa sababu Kiswahili kinalo neno hasa, nadhani kuliko lugha nyingi zilizoliazima skholē. Mtu akikuita ukamjibu "leo sina nafasi", unamaanisha nini? Kazi imekubana, muda wako si wako. Skholē ni kinyume chake: saa ambazo hakuna anayekudai kitu. Wagiriki walipotaka kusema shughuli, walisema ascholia, kukosa nafasi. Kwao nafasi ndiyo ilikuwa neno zima, na kazi ilikuwa pengo lake. Aristotle, mwanafalsafa wao, anasema tunahangaika ili tupate nafasi. Kwanza nafasi, halafu kile ambacho watu wenye nafasi walipenda kukifanya, yaani kuzungumza na kuhojiana, halafu mhadhara, halafu mahali pa mhadhara. Hivyo ndivyo maana ilivyosogea hatua kwa hatua.

Wasomaji wa Biblia wamekutana na neno hili bila kulijua. Matendo ya Mitume, sura ya 19: Paulo yuko Efeso, anahojiana na watu kila siku katika darasa ya mtu mmoja jina lake Tirano. Hiyo darasa kwa Kigiriki ni skholē. Na hati moja ya kale ya kitabu hicho inaongeza jambo dogo, kwamba alifanya hivyo kuanzia saa ya tano hadi saa ya kumi. Mzungu akisoma hapo anahitaji maelezo. Sisi hatuhitaji, kwa sababu tunahesabu saa kama walivyohesabu wao, kuanzia jua linapochomoza. Saa tano asubuhi mpaka saa kumi alasiri: jua kali, maduka yamefungwa, watu wamejipumzisha. Ukumbi wa Tirano ulikuwa huru, na watu walikuwa na nafasi.

Lakini nisiwauzie Ugiriki kama pepo. Nafasi ile ya Athene ilikuwa na gharama, na aliyelipa hakuwa aliyekaa kuhojiana. Mnasoma hapa somo linaloitwa pedagojia. Mmewahi kuambiwa paidagōgos alikuwa nani? Alikuwa mtumwa. Kazi yake ilikuwa kumsindikiza mtoto wa bwana kwenda kwa mwalimu, kumchungia adabu njiani, na kumrudisha. Huyo ndiye ambaye taaluma yenu imechukua jina lake. Si Aristotle, ni yule aliyekaa mlangoni akisubiri. Alisikia masomo yote na hakuna aliyemuuliza ameelewa nini.

Ndiyo sababu nimewaambia mshike swali la mifugo. Kila mtoto aliyekaa kwenye dawati, kuna mtu mahali fulani anafanya kazi ambayo mtoto yule angeifanya. Mama anachota maji mara mbili. Kaka mkubwa ameacha shule anachunga. Serikali ya Tanzania ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, madarasa yalifurika. Kenya ilipofanya hivyo mwaka 2003, yakafurika vile vile. Ina maana ada ilikuwa ukuta kweli. Lakini nyuma ya ukuta huo kuna mwingine usioonekana kwenye risiti, nao ni muda wa mtoto mwenyewe. Mtakuwa na msichana darasani anayesinzia saa nne asubuhi. Kabla hujamwita mvivu, muulize ameamka saa ngapi na amefanya nini kabla ya kengele. Anayo shule, ila nafasi hana. Mvulana aliyekaa naye dawati moja, wa nyumba ile ile, mara nyingi anayo.

Mwalimu Nyerere aliliona upande wake wa pili. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alilalamika kwamba shule zetu zinamwandaa mtoto kwa mtihani wa kuingia shule nyingine, wakati wengi hawatakwenda huko, na kwamba zinamfundisha kudharau jembe la wazazi wake. Ni lalamiko la Seneca, miaka elfu moja na mia tisa baadaye, na mimi nalikubali lote. Alichopendekeza ni kazi na masomo vikae pamoja, shule iwe na shamba. Hapo nina shaka kidogo, na nasema kama mtu aliyepalilia shamba hilo. Penye mkuu wa shule mwenye akili, shamba lilikuwa darasa: mlipima, mlihesabu, mliuza, mkajua faida ilikokwenda. Pengine shamba lilikuwa shamba tu, na mahindi yaliishia jikoni kwa mwalimu. Watoto wanajua tofauti siku ya kwanza.

Siku hizi shamba limepungua, limekuja jingine. Naona ratiba za shule nyingine zinaanza kabla ya jua na masomo ya ziada, zinaendelea mpaka jioni, Jumamosi tuisheni, likizo kambi. Mtoto wa darasa la saba ana shughuli nyingi kuliko mfanyabiashara wa Kariakoo. Wazazi wanalipia na wanashukuru. Najua na nyinyi mtalipwa kidogo kwa tuisheni hizo, na mshahara wa mwalimu naujua, kwa hiyo sitawahubiria. Nawaambia tu kwamba kwa Kigiriki hicho kinachofanyika hapo kina jina lake sahihi, ni ascholia. Na hakuna mtoto niliyemwona akiuliza swali zuri saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Kuna mambo yako mikononi mwenu hata kama hamkuandika ratiba. Katika kipindi cha dakika 40, unaweza kuacha dakika tano ambazo huandiki ubaoni wala huamrishi mtu anakili. Unauliza jambo ambalo hulijui jibu lake, unanyamaza. Mara ya kwanza watoto wataogopa, watadhani umekasirika. Mara ya tatu mmoja atanyoosha mkono, na mara nyingi si yule mnayemtegemea. Mkaguzi akiingia wakati huo utaonekana huna la kufanya. Mwonyeshe andalio la somo, na mwambie nimekutuma mimi.

Nimalizie na swali nililoletewa kwenye karatasi kabla sijapanda hapa. Ndugu mmoja kutoka Pemba anauliza: akipangiwa bara, na mwanafunzi wake akaandika skuli kwenye insha, amkate alama? Na yeye mwenyewe akiandika skuli ubaoni, mkaguzi atamwonaje?

Usimkate. Maneno yote mawili yamo kwenye kamusi zetu, na yote mawili ni schola ile ile, moja imepitia Berlin na nyingine imepitia London. Mwambie tu achague moja na asizichanganye katika insha moja, maana hapo msahihishaji wa mtihani atadhani hana uhakika. Ubaoni andika unavyosema nyumbani kwenu. Mkaguzi akiuliza, mpe historia, unayo sasa.

Naona wapishi wanatuchungulia mlangoni. Mwenye swali jingine tutakutana kwenye foleni ya pilau. Ahsanteni sana.